Kizazi Hiki na Siku Ile: Je, Unabii wa Mathayo 24 Ulikwisha Kutimia?

Kikundi chetu cha kusoma Biblia hukutana Jumapili jioni nyuma ya duka moja la vipuri huko Katwe, Kampala, na lugha yake ni Kiswahili kwa sababu hakuna nyingine inayotutosha sote: wamo Wakongo waliokimbia vita, wamo wafanyabiashara kutoka Arua, wamo vijana wa bodaboda, na yumo askari mstaafu ambaye mpaka leo tunamwita Afande. Mwezi uliopita tulifika sura ya 24 ya Injili ya Mathayo. Afande alisoma kwa sauti yake ya gwaride mpaka mstari wa 34, "Amin, nawaambieni, Kizazi hiki hakitapita, hata hayo yote yatakapotimia," kisha akaifunga Biblia na kutuambia kwamba kizazi hicho ni sisi tuliokaa pale. Kijana mmoja wa bodaboda, helmeti yake ikiwa bado mapajani, akaomba ruhusa ya kuuliza. "Samahani, Afande. Yesu alikuwa anaongea na Petro na wenzake. Kama alitaka kutusema sisi, mbona hakusema kizazi kile?"

Afande alicheka, akalisifu swali, akaanzisha wimbo wa kufunga. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kila mwaka natumia wiki nzima kuwaeleza wanafunzi tofauti ya hiki, hicho na kile. Nilirudi nyumbani na aibu kidogo kwamba swali hilo la sarufi halikutoka kwangu.

Swali lake lina ukoo mrefu kuliko alivyojua. Wako Wakristo wanaoshika kwamba sehemu kubwa ya unabii ambao wahubiri wetu huusoma kama habari za kesho ulikwisha kutimia, hasa katika vita vya Wayahudi na Warumi vilivyofikia kilele kwa kuteketezwa kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Wasomi huuita msimamo huo upreterisiti, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kupita. Hapa nitawaita tu watu wa "yametimia", na wenzao watu wa "yatakuja". Hutajwa sana Mjesuiti wa Sevilla, Luis de Alcázar, ambaye ufafanuzi wake wa kitabu cha Ufunuo ulichapishwa mwaka 1614, na kwa kuwa siku zile Waprotestanti walimwona Papa ndani ya kila mnyama mwenye pembe, msimamo huu ulishukiwa tangu utotoni kuwa hila ya Roma ya kujivua lawama. Shaka hiyo imedumu, lakini haigusi hoja yenyewe.

Kuna jambo la kutenganisha mapema, maana hapo ndipo watu hawa wanapoonewa. Wapo wachache wanaosema kila kitu kilitimia mwaka 70, pamoja na kurudi kwa Kristo na ufufuo wa wafu. Hao nitawarudia, na sitakaa nao sana. Walio wengi husema jambo la kiasi zaidi: dalili, dhiki kuu, chukizo la uharibifu na kuanguka kwa Hekalu ni habari za kizazi cha mitume, ilhali kurudi kwa Kristo, ufufuo na hukumu ya mwisho bado tunavingoja kama Kanuni ya Imani inavyokiri. Hapa Uganda tofauti hiyo haisikiki kabisa. Mtu akisema dhiki ya Mathayo 24 imepita, anaeleweka kana kwamba amesema Yesu harudi, na kuanzia hapo hakuna anayemsikiliza.

Turudi basi kwenye neno lililomsumbua kijana wetu. "Kizazi hiki" halikuzaliwa katika sura ya 24. Katika sura ya 11 Yesu anauliza akifananishe kizazi hiki na nini, na anaowasema ni watu walewale waliomwona Yohana Mbatizaji hali wala hanywi wakadai ana pepo. Katika sura ya 12, watu wa Ninawi watasimama siku ya hukumu wakihukumu kizazi hiki, kwa sababu wao walitubu kwa mahubiri ya Yona, na hapa yupo aliye mkuu kuliko Yona. Katika sura ya 23, baada ya kuwakaripia waandishi na Mafarisayo uso kwa uso, anasema mambo hayo yote yatakuja juu ya kizazi hiki. Kisha anatoka Hekaluni, wanafunzi wanamwonyesha majengo, na sura ya 24 inaanza. Kati ya "kizazi hiki" cha sura ya 23 na kile cha sura ya 24, kwa mtiririko wa Mathayo, hata jua halijatua. Anayetaka neno hilo liwe na maana ya watu wa Yerusalemu asubuhi na maana ya watu wa Katwe jioni, yeye ndiye anayedaiwa maelezo.

Maelezo yametolewa, na ni haki yapimwe. Wengine husema "kizazi" hapo ni taifa la Wayahudi, yaani taifa hilo halitatoweka. Inawezekana, ila katika sehemu zote nilizotaja maana hiyo haikai. Wengine husema ni kizazi kitakachoona dalili zikianza, na kwa kuwa mfano uliotangulia ni wa mtini unaochipua, na mtini kwao ni Israeli, wanaanzia kuhesabu mwaka 1948 taifa la Israeli lilipoundwa. Kizazi katika Biblia ni kama miaka 40, muda ambao wana wa Israeli walizunguka jangwani. 1948 ukijumlisha 40 unapata 1988. Wapo wahubiri wa Marekani walioitangaza hesabu hiyo kwa uhakika mkubwa, na mwaka 1988 ukapita kama miaka mingine. Kwa nini mtini uwe Israeli, sijui. Luka, akisimulia mfano uleule, anaandika "utazameni mtini na miti mingine yote", na sijamsikia mhubiri akituambia hiyo miti mingine yote ni nchi gani.

Hesabu hiyo ya 40 hainitoki akilini. Yesu alisema maneno haya karibu na mwaka 30. Hekalu liliteketea mwaka 70. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile juu ya Mlima wa Mizeituni angekuwa mzee wa miaka 60 moshi ulipopanda, na angeweza kusema kwa mdomo wake kwamba kizazi chake hakikupita. Miaka 40 iliyoanzia 1948 ililazimika kuongezwa, kuanzishwa upya mwaka 1967, kisha kuongezwa tena. Miaka 40 iliyoanzia 30 haikuhitaji kushikiliwa na mtu.

Sasa sarufi. Najua ni hatari kujenga teolojia juu ya viashiria vya tafsiri, ingawa Injili za Kiswahili zilisomwa kwenye ua wa Kabaka Mutesa I tangu miaka ya 1870, kabla Biblia ya Luganda haijakamilika mwaka 1896, kwa hiyo tukichungulia Maandiko kwa dirisha hili hatuanzi leo. Nimeangalia na Kigiriki. Hapo pia kuna kiashiria cha karibu na kiashiria cha mbali, na wafasiri wa Kiswahili wamevifuata kwa uaminifu. Mstari wa 34 ni wa karibu: kizazi hiki. Soma mistari miwili mbele, mstari wa 36, "walakini habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye", na kiashiria kimeruka kwenda mbali. Msemaji ni yuleyule, wasikilizaji ni walewale. Jambo la kwanza analiweka karibu nao, analipa dalili na kipimo cha muda. La pili analisogeza upeoni, halipi dalili hata moja, na anasema hata yeye Mwana hajui. Nimewafundisha watoto hiki na kile kwa miaka mingi, nikitumia chaki iliyo mkononi na chaki iliyo dirishani. Sikuwahi kufikiri kwamba mfano huo ungenisaidia kusoma Mathayo 24, lakini tangu kijana yule aulize siwezi kuusoma vingine.

Kuhusu yaliyotukia mwaka 70, msomaji wa habari hizi anayajua mengi, kwa hiyo nitagusa mawili matatu. Mwishoni mwa mwaka 66 jeshi la Kirumi chini ya Cestius Gallus liliuzingira mji kisha likaondoka ghafla. Luka 21:20 linasema mtakapoona Yerusalemu umezungukwa na majeshi, ndipo walio Uyahudi wakimbilie milimani. Na Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anaeleza kwamba Wakristo wa mji ule walihamia Pella, ng'ambo ya Yordani, kabla ya maangamizi. Maagizo yale, aliye shambani asirudi kuchukua vazi, ombeni kukimbia kwenu kusiwe wakati wa baridi wala siku ya sabato, ni maagizo ya wakimbizi wa mahali fulani penye milima, baridi na malango yanayofungwa sabato. Mama mmoja wa kikundi chetu kutoka Ituri, Kongo, aliyasoma akasema, "Haya ni maneno ya mtu anayejua kukimbia." Kama ni maangamizi ya dunia nzima, milima ya Uyahudi inamfaa nini mtu wa Gulu? Yosefo, Myahudi aliyekuwa upande wa Warumi mji ulipozingirwa mara ya mwisho, ameandika juu ya njaa iliyomfikisha mama mmoja hapo ambapo sitaki kurudia. Na chini ya ukuta wa magharibi wa uwanja wa Hekalu, wachimbuaji wamekuta mawe makubwa yaliyoporomoshwa kutoka juu, bado yamelala juu ya barabara iliyopasuka kwa uzito wake.

Watu wa "yatakuja" hujibu: jua halikutiwa giza mwaka 70, wala nyota hazikuanguka. Jibu hilo lingekuwa zito kama manabii wasingekuwa wameisema lugha hiyo kabla. Isaya 13 inatia giza jua na nyota kwa sababu ya kuanguka kwa Babeli. Ezekieli 32 inafunika mbingu kwa sababu ya Farao. Isaya 19 inasema Bwana amepanda juu ya wingu jepesi anafika Misri, na hakuna Mmisri aliyemwona kwa macho akishuka. Ni lugha ya kusema kwamba enzi imeanguka. Mganda hahitaji kuelezwa: Kabaka akifariki tunaambiwa moto umezimika, na ingawa ule moto wa langoni huzimwa kwelikweli, hakuna anayesikia habari hiyo akakimbilia kutafuta kiberiti. Hata swali la wanafunzi, ambalo Biblia yetu inalitafsiri "mwisho wa dunia", kwa Kigiriki linatumia neno la zama au enzi, wala si lile la ulimwengu. Nadhani neno "dunia" katika mstari huo mmoja limetutisha Waswahili kuliko alivyokusudia mwandishi.

Kitabu cha Ufunuo ni kigumu zaidi, lakini nacho kinafunguka kwa kusema mambo "hayana budi kuwako upesi" na kinafungwa kwa amri kwamba maneno yake yasifungwe, "kwa maana huo wakati umekaribia". Danieli aliambiwa kinyume chake: yafunge, tia muhuri, kwa kuwa ni ya siku nyingi baadaye. Kwa hesabu ya mapokeo, tangu Danieli mpaka Antioko wa Nne alipolinajisi Hekalu mwaka 167 kabla ya Kristo ni takriban miaka 400, na hiyo iliitwa siku nyingi. Ikiwa miaka 400 ni mbali, miaka 2,000 haiwezi kuitwa karibu bila neno "karibu" kubaki tupu. Huo mstari wa Petro wa siku moja kama miaka elfu hutolewa kila mara hapa. Sikatai kwamba Mungu hana haraka, lakini Yohana hakumwandikia Mungu barua. Aliwaandikia watu wa Efeso na Smirna.

Na namba 666? Andika "Nero Kaisari" kwa herufi za Kiebrania kama walivyoiandika: nun 50, resh 200, waw 6, nun 50, kofu 100, sameki 60, resh 200. Jumlisha. Nakala chache za kale zina 616 badala ya 666, na ukiliandika jina hilo kwa namna ya Kilatini, bila nun ya mwisho ya 50, unapata hiyo 616. Nililiandika hilo ubaoni nyuma ya duka la vipuri, na vijana wakajumlisha kwa simu. Tulipoandikishwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, na tena wakati wa chanjo ya korona, niliwasikia watu wazima wenye akili zao wakinong'ona juu ya alama ya mnyama. Na mashariki mwa nchi kuna kikundi ambacho majirani wamekibandika jina la namba hiyo, ambacho hakitaki watoto wachanjwe wala kuhesabiwa katika sensa. Mtoto anaugua surua kwa sababu ya mfalme aliyejiua mwaka 68.

Hapo nimegusa kinachonifanya niandike, na afadhali niseme wazi. Shangazi yangu, upande wa Masaka, alikuwa na shamba la kahawa ambalo mnyauko wa miaka ya 1990 uliliua karibu lote. Aling'oa mashina makavu mwenyewe. Miche mipya ilipokuja, ile inayovumilia ugonjwa, hakuichukua. Kulikuwa na kikundi cha maombi kijijini, jina lake haina haja, kilichokuwa na hakika kwamba mwaka 2000 hautafika au ukifika hautamalizika, na mche wa kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana. Shangazi alijua kuhesabu. Miaka mitatu haikuwepo. Alipanda maharage, kwa sababu maharage hukomaa ndani ya miezi mitatu, na baadaye akauza kipande cha kibanja. Mwaka 2003 majirani walikuwa wakianika kahawa nyekundu kwenye mikeka, naye alikuwa akikopa sukari. Hakuna aliyemchoma moto wala kumpiga. Hakuna gazeti lililomwandika. Alisoma kalenda aliyopewa, akaiamini kuliko wale waliompa.

Gazeti liliwaandika watu wa Kanungu. Viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, walitangaza kwamba dunia ingefikia ukomo 31 Desemba 1999. Wafuasi walikuwa wameuza mashamba na mifugo. Siku ikapita, inaelezwa kwamba baadhi walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea ndani ya nyumba ya sala, na baadaye miili mingine ikafukuliwa katika nyumba za kundi hilo, hata Buziga hapa Kampala, hadi hesabu ikapita 700. Mwaka 2023 Wakenya wakafukua makaburi ya waumini katika msitu wa Shakahola.

Lazima niwe mwangalifu hapa, kwa sababu hoja hii ni tamu na tamu huponza. Kanungu haikujengwa juu ya Mathayo 24 peke yake. Iliendeshwa na maono ya Bikira Maria, utii wa kipofu na, kwa kila dalili, mauaji ya makusudi. Kuwatwika watu wa "yatakuja" mzigo wa Kanungu ni uonevu. Balokole, wale wa uamsho wa miaka ya 1930 na kuendelea, walimngoja Bwana kwa hamu kuliko sisi, na hamu hiyo iliwafanya warudishe ng'ombe walioiba, walipe madeni na kupatana na wake zao. Bibi yangu alikuwa mmojawao; alingoja miaka 50 huku akilima. Kwa hiyo matumaini ya kurudi kwa Bwana hayakumharibu shangazi. Kilichomharibu ni kuambiwa kwamba dalili zote ni za kwetu na zimekamilika, kwamba kila vita Kongo na kila tetemeko la ardhi ni mstari wa Mathayo unaotimia mbele ya macho, kwa hiyo tarehe iko mlangoni. Watu wa "yametimia" humwondolea mhubiri zile dalili. Akitaka kutangaza kwamba mwisho ni Desemba, hana mtini, hana vita wala njaa za kuhesabia. Anabaki na "siku ile" ambayo hata malaika hawaijui. Sijaona faida nyingine ya fasiri hii inayoweza kulingana na hiyo, na nakiri imenivuta upande wake kabla sijamaliza kupima.

Tupime basi yaliyo upande wa pili, maana yapo na mengine ni mazito. Irenayo, akiandika karne ya 2, anasema Yohana aliona Ufunuo karibu na mwisho wa utawala wa Domitiano, yaani karibu na mwaka 95. Akiwa sahihi, Ufunuo uliandikwa miaka 25 baada ya Hekalu kuanguka, na nguzo moja ya watu wa "yametimia" inatikisika vibaya. Irenayo huyohuyo aliijadili namba 666, aliijua na 616 akaikataa, alipendekeza majina kadhaa, na Nero hakumtaja. Watu wa "yametimia" hujaribu kuisoma sentensi yake kwa namna nyingine. Mimi naona wanaisukuma. Mathayo 24 inasimama bila Ufunuo, lakini aliyejenga juu ya vyote viwili akiri kwamba chumba kimoja kina ufa.

Wale wachache wa "yote yametimia" wana tatizo kubwa zaidi, na sioni wanavyolitatua. Matendo 1:11 inasema Yesu atakuja jinsi iyo hiyo walivyomwona akienda. Paulo anawataja Himenayo na Fileto kwa majina kwa kosa la kusema kiyama imekwisha kuwapo. Na kila tunaposhiriki Meza ya Bwana tunaitangaza mauti yake "hata ajapo": kama alikuja mwaka 70, mkate huo tumekuwa tukiumega kwa ajili ya nini tangu hapo? Waandishi wa Kanisa wa karne ya 2, ambao babu zao walikuwa hai Yerusalemu ilipoungua, waliendelea kumngoja. Hakuna aliyewaambia alikwisha kufika.

Ipo pia hatari ambayo watu wa "yametimia" hawaisemi vya kutosha. Kwa karne nyingi huko Ulaya mwaka 70 ulitumiwa kama fimbo: Mungu amewatupa Wayahudi, na sisi tuna ruhusa ya kuwatupa. Msomaji wa Luka 19 anajua kwamba aliyeutabiri uharibifu ule aliuona mji akaulilia. Anayeufundisha unabii huo bila machozi yale ameuharibu, hata tarehe zake zikiwa sahihi.

Lakini pingamizi lililonigusa zaidi halikutoka kitabuni. Nilipomaliza kueleza haya yote wiki iliyofuata, na ubao ukiwa umejaa herufi za Kiebrania, mama yule wa Ituri alisema kwa upole, "Mwalimu, asante. Mwaka 70 ni wa Wayahudi. Wa kwetu sisi uko wapi?" Ameikimbia nyumba yake mara mbili. Aliposoma kwamba kutakuwa na dhiki kubwa ambayo haijatokea, na kwamba siku hizo zitafupizwa kwa ajili ya wateule, alidhani ni yeye anayezungumziwa, na hilo ndilo lililomvusha ziwani. Na mimi nimemwambia kwamba barua aliyoilalia chini ya mto kambini iliandikiwa watu wengine.

Nilimjibu kwamba nyaraka zote za Biblia ziliandikiwa watu wengine kwanza, hata ile ya Warumi, na tunazisoma kwa sababu aliyewafupizia siku wale ndiye tunayemwomba atufupizie sisi. Na kwamba yaliyotimia kwa wakati wake ni rehani ya yaliyobaki. Nadhani jibu hilo ni la kweli. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anavyopokea soda ya joto. Afande ndiye aliyemjibu vizuri zaidi, ingawa alikuwa akinijibu mimi. "Mwalimu, mimi nilizika vijana Luweero bila majeneza. Sitaki kujua dhiki ilikuwa lini. Nataka kujua kama iko siku watasimama." Nikamwambia iko, na kwamba hakuna mtu wa "yametimia" mwenye kiasi anayemnyang'anya siku hiyo. Akaniangalia kama anayekagua bunduki iliyosafishwa na kuruta.

Kisha akamwambia kijana wa bodaboda afungue Mathayo 24 tena, asome taratibu kuanzia 34. Kijana akasoma kizazi hiki, akasoma mbingu na nchi zitapita, akafika kwenye siku ile na saa ile.

"Hapo simama," Afande akasema. "Hiki nimewaachia. Hiyo ile ni yangu."